Ufunguo wa Chumba cha Kostiki

Tangu biashara binafsi ziruhusiwe, na kila mwenye ua akafungua kiwanda, kijiwe cha Lukasi muuza kahawa hakikukosa la kutafuna. Asubuhi hiyo mawingu yalishuka Uluguru mpaka yakagusa mabati ya nyumba za mwisho, na habari ilikuwa ya Raya, mwenye kiwanda cha sabuni ng'ambo ya barabara. Naye yupo hapohapo benchini, kikombe mkononi, ufunguo wa chumba cha kuchanganyia umefungwa kwenye pindo la kanga! Ernest, mchanganyaji wake, kaondoka alfajiri na gari la Turiani. Chumbani yamebaki mapipa, mafuta ya mawese na kostiki, dawa ile inayobabua ngozi kama moto.

— Wa ngapi huyo, mwanangu? aliuliza Bi Redio, ingawa alijua hata rangi ya begi la Ernest.

— Wa nne, bibi.

— Pamoja na Salum?

Raya aliinamia kikombe. Salum alikuwa mpakizi tu. Siku Ernest anaumwa, alijaribu kuchanganya kwa kubahatisha. Mkono ulibabuka mpaka kiwikoni. Akarudi kwao Mkuyuni, asiseme alimwaga nini juu ya nini.

— Mle mna jini, alisema mzee Pazi, waliyemwita Gavana kwa kutoa amri zisizotiiwa. Halitaki watu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo, Gavana? aliuliza Lukasi.

— Si wanaondoka haba na haba!

— Jini wapi! Ni ule moshi, alisema Bi Redio. Ukiuvuta, akili inafutika. Mtaona, Ernest atashuka Turiani hajui hata jina la mama yake.

Lukasi alikuwa anapangusa vikombe.

— Lakini dada Raya, si ulimkataza Ernest mwenyewe asimwonyeshe mtu kuchanganya?

— Nilimkataza. Nikasema wakijua wote, watakwenda kufungua viwanda vyao.

— Basi wamekwenda bila kujua.

Raya alihesabu siku kwa vidole. Masista wa misheni walitaka sabuni yao Jumamosi, na siku hizi wakikosa kwako wanavuka barabara tu.

Hapo akafika mwanamke, mikono ya gauni kaikunja, viatu vina udongo mwekundu wa mlimani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Furaha. Nimesikia kuna kazi ya kuchanganya sabuni.

Gavana akavuta miguu chini ya benchi, kama vile jini lenyewe linapita.

— Ipo, alisema Raya.

— Nashukuru, mama. Nani atanionyesha?

Bi Redio, asiyekosa jibu tangu aote meno, aliangalia mlima. Gavana akakohoa kikohozi kisichokuwepo.

— Lukasi, niongezee, alisema Raya.

— Imekwisha, dada.

Furaha alikuwa amenyoosha mkono, akingoja ufunguo. Raya akashika pindo, akaanza kulifungua. Kisha akauona mkono ule: mzima, laini mpaka kiwikoni.

Akalikaza fundo.