Uwanja Usio na Ajali

Mheshimiwa Mkaguzi wa Elimu, ndugu wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi, na wewe dada yetu mtaalamu wa tiba kazi, ambaye leo tunakuaga: habari za mchana.

Nimepewa kazi ya kukusifu. Lakini mimi, mwalimu mkuu, nitakusifuje bila kujisema?

Ulipofika, tulidhani utawafungia chumbani watoto wenye shida na kuwanyoosha viungo. Ukatuambia kazi ya mtoto ni kucheza, nawe umekuja kumsaidia kazini kwake. Ukaomba matairi chakavu, kamba na kreti tupu za soda, ukavimwaga uwanjani, kisha ukakaa pembeni ukitazama. "Mtaalamu gani huyu wa kukaa?" aliuliza mwalimu wa hesabu, nasi tukacheka.

Mnamkumbuka binti tuliyemwita Bubu, ingawa bubu hakuwa? Miaka miwili, kila mapumziko, aliegemea ukuta wa choo ameziba masikio. Dada huyu hakumvuta mkono. Alisogeza tairi moja karibu naye. Baada ya siku kadhaa, la pili. Mwezi wa nne tangu tairi la kwanza, nikiwa dirishani, nilimsikia akimfokea mwenzake, "Shuka, ni zamu yangu." Mama yake alipopewa habari hizo aliketi chini palepale langoni, akalia.

Wiki mbili baadaye tairi likambwaga mtoto mwingine, akang'oka jino. Baba yake alikuja juu. Nami nikaogopa barua ya onyo, nikaogopea cheo changu, nikaamuru vitu vyote vizolewe na watoto wakae kwenye mistari mpaka kengele ilie.

Ulinifuata ofisini. "Mwalimu," ulisema, "lile ni jino la utoto, litaota jingine. Huyu binti je?"

Nilikujibu kwamba nina kazi nyingi.

Binti alirudi ukutani. Muhula ulipokwisha mama yake akamwondoa shuleni, na naambiwa sasa hasemi hata na ndugu zake. Nimekwenda kwao mara mbili kuomba radhi. Mara zote mbili alijificha aliposikia sauti yangu.

Mheshimiwa Mkaguzi, asubuhi umetupongeza kwa mwaka mzima bila ajali. Ni kweli, tangu vitu vizolewe hakuna aliyeumia. Na nafasi ya dada huyu imefutwa kwa sababu taarifa niliyoandika mimi mwenyewe ilisema uwanja umetulia, hahitajiki tena. Nimeandika nyingine kuikana ile. Nimejibiwa kwamba nimechelewa.

Dada, sikuombi msamaha hapa, maana mbele ya wageni ungeona aibu kuninyima. Zawadi yako iko mezani. Naomba mzazi yeyote aje akukabidhi; mkono wangu haustahili.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa.