Siku Kumi na Moja Bila Vidonge

Sogeeni wanangu, na wewe binti yangu acha kusimama mlangoni kama mtu aliyeleta barua, maana pumzi niliyobaki nayo haifiki huko.

Mnajua nilipasuliwa kifua miaka kumi na sita iliyopita, nikawekewa vali ya chuma, kile kilango cha moyo, mahali pa ile iliyochoka. Ninyi huiita mashine ya baba. Si mashine, ni vali. Na vidonge vyake si "vile vya waridi", vinaitwa warfarini, na kazi yake ni kuzuia damu isigande kwenye chuma hicho. Daktari aliniambia ni vya kumeza maisha yangu yote, kila jioni saa ile ile, na damu ipimwe mara kwa mara. Chumba kikiwa kimya naisikia vali ikigonga, na mpaka leo najiuliza inafungukaje na kujifunga mara zote hizo bila mtu kuitia mafuta.

Ndivyo nilivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa mizani. Mwenye duka akiapa kwamba mizani yake haina kasoro, namwitikia vizuri, kisha natoa mawe yangu ya shaba napima. Sikuamini kitu kwa kuambiwa. Basi mwaka wa saba baada ya upasuaji, nikiwa mzima, napanda ngazi za posta bila kuhema, nikajiuliza: ni vidonge vinavyonishikilia, au mwili umepona na mimi nameza kwa mazoea tu? Nikaacha makusudi, bila kumwambia mtu, nikawa naandika daftarini. Siku ya kwanza, hakuna badiliko. Siku ya nne, hakuna. Siku ya tisa, nimelala vizuri. Nisiwafiche, nilifurahi.

Siku ya kumi na moja dada yenu alikuja kufua mapazia, akafungua kabati akakuta paketi imejaa. Hapo ndipo mlipomsikia kutoka nje akipaza sauti, bila kushika maneno. Alisema, "Baba, umeacha dawa? Unataka kutuachia nini, daftari?" Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Hajafika hata uani, kikombe kikaniponyoka na mdomo ukaenda upande.

Mlipokuja mbio mlinikuta sakafuni, yeye ananililia, mkasema amempandisha mzee hasira hadi akapata kiharusi. Daktari alinieleza wazi kwamba ni bonge la damu lililotoka kwenye vali likapanda kichwani. Si maneno ya mtu. Ulimi wangu ulikuwa mzito miezi mitatu, ni kweli, lakini ulipofunguka sikusema. Niliona haya. Miaka tisa mmemnyima salamu, mmeoza watoto wawili bila kumwalika, na yeye aliyejua yote alinyamaza ili asinivue nguo mbele yenu. Nimejiuliza sana amewezaje. Hilo sikupata jiwe la kulipimia.

Wewe, fundi wetu wa umeme, ndiwe uliyemwita muuaji. Mwaka jana nawe uliwekewa vali kama yangu, na mkeo ananiambia umeanza kusema unajisikia mzima, vidonge vya nini. Usirudie jaribio ambalo matokeo yake unayaona hapa kitandani. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kesho yake kufidia. Ukitaka kung'oa jino, mweleze daktari wa meno kabla hajashika koleo. Ukiwa na swali, na ninajua utakuwa nalo, kwa kuwa ni damu yangu, nenda ukaulize.

Nyumba ni yenu watatu, sawa kwa sawa, bila chumba cha mkubwa wala cha mwanamume. Daftari liko kwenye droo ya juu. Lisomeni kwa sauti, pamoja na ukurasa wa kumi na mbili niliouacha mtupu.

Mwalimu, wewe ndiye kaka mkubwa. Inuka. Mpishe dada yako kiti hicho.

Mungu awape... awape miili mizima, na subira ya kusikilizana. Awafungulie kila mlango. Binti yangu, unisamehe. Si lazima iwe leo.

Nimechoka. Sitaki maji. Nataka kuwasikia mkizungumza, si na mimi, ninyi kwa ninyi. Nitafumba macho tu... nina hamu ya kujua nani ataanza.