Mkwe Aliyelala Uani

Enzi za Mwingereza hizo, wajukuu zangu, nimepanda treni Kigwa naenda Tabora. Mbele yangu mama mmoja, mzigo wa matandiko yake miguuni, analalamika kwa mwanamke wasiyejuana naye.

"Namfuata binti yangu Josepha, namrudisha nyumbani. Mumewe kanidharau! Kaja kunisalimu, nimemtandikia kitanda kizuri, yeye kaenda kulala uani."

"Alisemaje?"

"Ati joto. Na mvua ile!"

Mwenzake akashusha sauti. "Dada, shuka lina vidoa vyeusi?"

"Moshi wa kibatari huo."

"Na kwenye mafundo ya kamba za kitanda, pananuka?"

Mimi nikaanza kujikuna, na wala sikuulizwa.

"Ni kunguni, dada. Sasa mkwe wa watu angekwambiaje?"

"Kwangu nafagia kila siku!"

"Kunguni anaogopa ufagio?"

Treni ikasimama Tabora. Mkwe mwenyewe huyo, kaja kumpokea, anainama na kupiga makofi taratibu kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, kanga usoni.

Kijana akanyanyua mzigo wa matandiko ya mama, akajitwika kichwani. Mama akanyoosha mkono amzuie, halafu akaurudisha. Angemwambiaje?