Komeo Anastaafu: Mwalimu wa Mabeki na Msimu Wake wa Mwisho wa Mikataba

Mwisho wa mwezi huu, siku ile ile mikataba ya vijana inapokwisha, mwalimu wa mabeki wa kikosi chetu cha vijana anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Jina lake kamili lipo ofisini, lakini uwanjani hakuna anayelitumia. Wachezaji humwita Mwalimu. Sisi wengine wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi wa ufundi, tunamwita Komeo. Alilipata jina hilo enzi zake za kucheza beki wa kulia katika klabu hii hii, kwa kuwa upande wake ulikuwa haufunguki. Mwenyewe husema ulifunguka mara nyingi tu, ila watu wa siku zile walikuwa na adabu ya kusahau.

Nimeombwa niandike mimi wa stoo ya jezi, nami nimekubali ingawa kalamu si kazi yangu. Kwa misimu mitatu sasa nimefuatana naye katika sehemu ya kazi yake ambayo wengi wenu hamjaiona, na nadhani ndiyo sababu ya kuombwa.

Aliacha kucheza mapema kwa sababu ya kifundo cha mguu, akakabidhiwa filimbi na kundi la watoto waliokuwa wakikimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku waliotupiwa punje. Miaka ikapita, akapandishwa hadi kikosi cha vijana. Walimu wengine waligombania washambuliaji, yeye akachukua mabeki, ambao hakuna aliyewataka. Aliwaambia tangu siku ya kwanza wasitegemee sifa. Beki ni kama paa la nyumba: siku ya jua hakuna anayelitazama, siku ya mvua kila mtu anajua linapovujia.

Mazoezi yake ya kukaba yanajulikana. Kila beki alishika soksi iliyokunjwa katika kila kiganja, ili mikono iwe na shughuli na isishike jezi ya mtu. Sisi tunaoshona jezi tulimpenda kwa hilo, tukamchukia kwa ajili ya soksi, maana zilirudi stoo zikiwa nusu, mguu mmoja mmoja. Nilipompelekea malalamiko alijibu kwamba zile za mguu mmoja niwape washambuliaji, kwani wao wanatumia mguu mmoja tu na mwingine wa kusimamia.

Na siku ya harusi ya binti yake, mpiga picha alipokwisha kuwapanga ndugu, Komeo alitoka kwenye mstari akawarudisha nyuma mashangazi wawili, eti wameotea. Mkewe anasema picha hiyo ndiyo pekee ya ukoo wao ambayo watu wamenyooka kama wanasubiri kona.

Mabeki watatu kutoka mikononi mwake walifika timu ya taifa. Kombe la vijana tulilichukua mara mbili akiwa benchi. Hayo yapo ukutani pale mapokezi, kila mtu anayaona.

Yasiyokuwa ukutani ni haya. Kila mwaka msimu ukielekea ukingoni huitishwa kikao cha mikataba. Vijana wanakiita panga. Wanakaa mkurugenzi wa ufundi, kocha mkuu, daktari wa timu na Komeo, wanapitia vijana mmoja baada ya mwingine: huyu aongezewe, huyu aachwe. Kwa washambuliaji kazi ni nyepesi kidogo, anayefunga anafunga. Beki huiva polepole. Komeo alizoea kuwaambia wenzake kwamba beki wa miaka kumi na tisa bado ni unga, na wao wanataka aseme mkate utakuwaje. Lakini alisema, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wengi waliopita mikononi mwake waliachwa, na wengi wa hao aliyesema waachwe ni yeye. Katika hili sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hatanishukuru nikimpaka.

Miaka ya nyuma walioachwa walikuwa wakipigiwa simu tu. Kijana mmoja, beki wa kushoto, alipigiwa simu hiyo na hakumwambia mtu nyumbani. Kila asubuhi alibeba begi lake la mazoezi akatoka, akashinda kwenye benchi la kituo cha mabasi mpaka jioni, akarudi. Mama yake akawa anafua kila siku jezi isiyo na jasho. Mwishowe alikuja getini kwetu kuuliza kwa nini mwanawe anakonda, kama hapa hawapewi chakula. Aliyemkuta getini ni Komeo. Tangu siku hiyo Komeo hakuruhusu simu ipigwe kwa beki yeyote anayeachwa. Aliwafuata nyumbani, akasema mbele ya mzazi na mtoto akiwepo.

Shida ikawa kwamba akina mama wakimwona mtu wa klabu mlangoni walidhani mtoto amekufa. Mmoja alianguka kabla hajaambiwa neno. Ndipo akanijia stoo akasema, binti, twende wote, wewe wakikuona hawataogopa. Nikaenda, mwanangu mgongoni siku nilizokosa wa kumwachia. Nilijifunza utaratibu wake. Haketi kabla hajasema, hata akisogezewa kiti mara ngapi. Hatangulizi sifa, kwa sababu mtu akisikia sifa huanza kutumaini. Anasema jambo lenyewe kwanza, halafu anabaki hapo asikilize chochote atakachoambiwa, matusi yakiwemo. Habari mbaya haikalii kiti, ndivyo alivyonieleza.

Sasa nifike kwenye msimu huu.

Mabeki wa kati wawili mikataba yao ilikuwa inakwisha pamoja. Mmoja mnamjua kama Mnara, kwa urefu wake. Mwenzake ni Kimya, ambaye akisema sentensi mbili kwa siku wenzake humuuliza kama anaumwa. Wamecheza bega kwa bega tangu wakiwa wadogo. Kikao kilikuwa hakijakaa, lakini ilishajulikana kwamba nafasi ni moja, kwa kuwa klabu imeshanunua beki mwingine kutoka nje.

Komeo alikuwa na msemo tuliouzoea wote, kwamba mwezi wa mikataba hakuna beki anayeumwa. Vijana hufunga bandeji chini ya soksi, humeza vidonge chooni, huchechemea wakiwa peke yao tu. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Katika mechi ya nusu fainali, wiki mbili kabla ya panga, Mnara aliingia mapumziko akikanyaga kwa hadhari. Nilikuwa mle chumbani nagawa jezi kavu. Komeo alimwuliza goti vipi. Kijana akasimama, akaruka juu mara kadhaa akitabasamu, akasema liko safi. Komeo akalitazama benchi. Kimya hakuwepo, alikuwa anatumikia adhabu ya kadi. Hakukuwa na beki mwingine wa kati.

Alimrudisha uwanjani. Kipindi cha pili Mnara aligeuka kumfuata mshambuliaji, na goti likaachia bila kuguswa na mtu. Ukelele wake ulisikika mpaka kwetu stoo.

Kikaoni daktari alieleza kwamba goti linahitaji upasuaji mkubwa na kwamba hata ukifanikiwa hana uhakika kama kijana atacheza tena. Mkurugenzi akasema basi hakuna mjadala, abaki Kimya, ambaye ni mzima na amecheza vizuri kuliko mwenzake msimu mzima. Kocha mkuu akaunga mkono. Hakuna aliyesema uongo. Lakini kwa kanuni za klabu mchezaji asiye na mkataba si mgonjwa wetu tena. Mnara asingefanyiwa upasuaji. Angerudi kwao na goti lile kama lilivyo, na kwao hakuna mwenye uwezo wa kulitengeneza.

Komeo aliomba waongezewe wote wawili. Akakataliwa. Akaomba Mnara atibiwe hivyo hivyo bila mkataba. Akaambiwa hilo likifanyika mara moja litadaiwa kila mwaka. Ndipo akawaambia kwamba goti lile aliyelivunja ni yeye, kwa sababu aliuliza swali ambalo jibu lake alilijua, na kwamba katika miaka yote hajawahi kuomba kikao kiamue kinyume cha alichokiona mwenyewe uwanjani, ila leo anaomba. Aongezewe Mnara.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kocha mkuu alimwambia wazi kwamba anamtoa kafara kijana mzima ili kutuliza roho yake. Komeo hakukataa. Mwishowe wakamkubalia, wakamtaka jambo moja tu, kwamba habari ile kwa Kimya aipeleke yeye. Kana kwamba kulikuwa na siku ambayo ilipelekwa na mtu mwingine.

Haya yote aliniambia njiani tukielekea kwa kina Kimya. Nilipomwuliza kama ataeleza sababu, alisema wakiuliza ataeleza.

Mama yake Kimya anapiga pasi nguo za watu. Chumba kizima kilikuwa mashati yametundikwa, ukipita yanakugusa uso. Kimya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Komeo alisimama katikati ya mashati yale, akamwambia mama kwamba klabu haitamwongezea kijana wake mkataba.

Mama hakuacha pasi. Aliuliza kama mwanawe ana utovu wa nidhamu. Komeo akasema hapana. Ni mvivu? Hapana. Basi yule mwenzake amemzidi? Komeo akasema kwa sasa Kimya ndiye amemzidi mwenzake. Mama akauliza, sasa? Komeo akamweleza habari ya goti, ya upasuaji, ya kanuni, na ya swali alilouliza wakati wa mapumziko. Hakujipunguzia hata kidogo.

Mama akaisimamisha pasi.

“Kwa hiyo mwanangu angevunjika goti,” akasema, “leo mngekuwa mmemwongezea.”

“Ndiyo, mama,” akasema Komeo.

Mwanangu niliyembeba mgongoni aliamka akaanza kulia, nikatoka naye mlangoni kumbembeleza, na bado nilisikia. Mama alisema hataki pole ya mtu, na kwamba watu wa pole amewazoea. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtuma mdogo wake dukani, “Usinijie tena hapa mikono mitupu. Ukirudi, rudi na timu ya kumchukua mwanangu.”

Kimya aliinuka kutusindikiza. Tukafika kona ya barabara. Pale akamwuliza Komeo kama upasuaji wa Mnara utauma. Akaambiwa utauma sana. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

Mnara alifanyiwa upasuaji wiki iliyopita. Daktari anasema mshono unakauka vizuri, la kucheza atalijua msimu ujao. Tulipokwenda kumwona alikuwa ameelekea ukutani, na alipogeuka aliuliza tu ni nani aliyeachwa. Komeo alimwambia. Mnara akavuta shuka mpaka kichwani. Komeo akakaa pale kwenye kiti, maana safari hii habari alikuwa ameshaisema, akakaa mpaka muuguzi alipotutoa.

Kuna wanaosema Komeo alikosea, na kwamba mtu asipewe kisu cha kugawa wakati mkono wake umeshachafuka. Wengine wanasema ni mara ya kwanza kikao kile kumfikiria kijana kabla ya timu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na nikijiweka kwenye nafasi ya mama wa Mnara nambusu mikono, nikijiweka kwenye nafasi ya mama wa Kimya simwangalii usoni. Nimejaribu kuchagua upande, nimeshindwa. Alipoulizwa kama haya yaandikwe, alisema yaandikwe, la sivyo nisiandike chochote.

Klabu ilitaka kumwandalia mechi ya kumuaga. Aliomba iahirishwe, kwa sababu siku zake zilizobaki amezipangia kazi. Anazunguka vilabu na Kimya kutafuta majaribio. Cha kwanza walisema wana mabeki wa kutosha. Cha pili waliwaweka juani kutwa nzima, jioni wakasema kocha amesafiri. Juzi walirudi kutoka cha tatu. Huko walimtazama kijana akicheza, wakauliza kama ni mzima kweli wa afya, mbona kwao wamemwacha, lazima kuna kitu. Komeo akaapa kwamba hakuna kitu. Hawakumwamini. Ndivyo ilivyo: klabu ikimwacha beki mzima, kila mtu humtafutia ugonjwa.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa ofisini, wa jikoni, wa nyasi na wa stoo, asante. Asante kwa mabeki uliowalea na kwa wale uliowaacha ukawafuata mpaka mlangoni kwao, jambo ambalo anayekurithi tayari ameuliza kama ni la lazima. Tumemjibu kwamba ni la lazima, na nitafuatana naye.

Wastaafu hutakiwa mapumziko mema. Wewe bado hatuwezi kukutakia hayo, na tunajua hutayapokea. Tunakutakia miguu yenye nguvu, nauli isiyokatika, na klabu ya nne itakayomtazama Kimya na kukuamini. Ukishaipata, tunakutakia maisha marefu na mema pamoja na mkeo. Lakini kabla ya yote pita kwanza pale penye mashati, na safari hiyo mama akikusogezea kiti, ukae.