Magauni ya Bukuru

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni polepole tu, hata mimi sina nguvu za kurukaruka leo. Mchungaji ameniruhusu nikae kitini, basi nitashuhudia nimekaa. Mnaniita Mama Butoyi, na huyo Butoyi si mimi niliyemzaa.

Wakati ule wa wakimbizi, maboti yalikuwa yanashusha watu mchana kutwa. Nilikuwa ufukweni Bangwe naanika dagaa. Mama mmoja kutoka Burundi akashuka hoi, mtoto mgongoni, kipindupindu kimemmaliza. Akanikabidhi mtoto, akasema, "Ni Butoyi." Jioni haikumkuta hai.

Waha wenzangu mmeshaelewa. Butoyi ni pacha wa pili. Wa kwanza ni Bukuru, na Bukuru hakuwemo kwenye lile boti. Mahakama ikaniruhusu nikae na mtoto kwa muda, mpaka ndugu zake wapatikane. Sasa, kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Basi kila nikimshonea Butoyi gauni, nilishona na la Bukuru, nikaliweka sandukuni. Bi Mwajuma, fundi wangu wa Ujiji, alinitania, "Huyu wa pili mbona haji kupimwa?" Wazee wa kanisa walinikalisha chini, wakasema hiyo ni mila ya giza. Nikawaambia kila gauni naliombea, Mungu amlinde mwenye nalo popote alipo. Wakaniacha. Nadhani walichoka na mdomo wangu.

Miaka ikaenda. Siku moja akaja afisa wa ustawi wa jamii. Bibi yao amepatikana kambini, yuko na Bukuru, mzima kabisa! Na anamtaka Butoyi. Mahakama itaamua mtoto akae wapi.

Ndugu zangu, nilitakiwa nipige vigelegele. Nilikasirika! Mtoto niliyemwombea miaka yote amepatikana, na mimi naona nimeingiliwa na mwizi.

Ikaanza njoo kesho, njoo kesho. Leo hakimu anaumwa. Leo bibi amekosa kibali cha kutoka kambini. Leo jalada halionekani. Kila mara namvalisha Butoyi vizuri, naukaza moyo, tunakwenda, tunarudi, wala sijui nishukuru au nilie. Nilichoka hata kuomba. Nilikuwa nakaa tu nasema, "Baba, unaona."

Mwisho nikaamua kumtorosha. Asubuhi ya kesi nikaandaa mfuko, tupitie Kidahwe kwa dada yangu, halafu twende mbele kwa mbele. Nikafungua sanduku kutafuta nguo za Butoyi, nikakuta za Bukuru ziko juu. Nikakaa sakafuni. Jamani, nitamkimbiaje mtoto ambaye nimemshonea nguo miaka yote hii? Hapo ndipo Bwana aliponishika, sikieni vizuri, hapo sakafuni! Ule mfuko nikauacha. Nikajitwika sanduku, nikamshika Butoyi mkono, tukaenda mahakamani.

Bibi alikuwepo, mwembamba, anakohoa, na Bukuru pembeni yake. Wale watoto walivyotazamana, sisemi. Hakimu akamuuliza bibi kwa nini anamtaka Butoyi. Akasema amesikia watoto wa wakimbizi huku mjini wanafanywa watumishi wa watu. Ikafika zamu yangu. Nikafungua sanduku, nikayatandika magauni kwenye benchi, kuanzia lile dogo la kitoto mpaka lile la kitambaa kilekile alichovaa Butoyi siku hiyo.

Bibi akayashika moja baada ya jingine. Hakuhitaji mkalimani, mila yetu ni moja. Akasema kwa Kirundi, "Ni abana bacu." Ni watoto wetu. Akamwomba hakimu wasitenganishwe, wakae kwangu wote wawili, maana kifua chake hakimpi nafasi ya kulea.

Hakimu akaamua hivyo. Wakae kwangu, na kila mwaka mahakama itaangalia upya.

Mnapiga makofi? Subirini kwanza. Yule bibi alikuja kuchukua mmoja, akaacha wawili, akapanda gari la kurudi kambini peke yake. Sandukuni hamkuwa na kitu chake hata kimoja. Nikavua kitenge nilichojitanda, nikampa dirishani, nikalia njia nzima mpaka nyumbani Katubuka. Nimeshinda kesi, ndugu zangu, na chakula hakikupita!

Jumatatu tunarudi tena mahakamani. Bibi amepata nafuu, na wanasema kwao Burundi kumeanza kutulia. Huenda safari hii akawachukua wote. Nimechoka, siwafichi. Lakini hakuna mfuko uliofungwa nyumbani kwangu. Kuna magauni mawili mapya, na safari hii kuna kitenge kipya cha kumpa bibi.

Wewe uliyeng'ang'ania kitu leo mpaka vidole vinauma, mkabidhi Yesu. Njoo hivyohivyo na uchovu wako, mimi alinipokea nimekaa sakafuni. Asante, Bwana wangu. Haya, nipeni mkono niinuke.