Sentensi ya Kujaribia Printa

Jumatatu, tarehe 6 Mei 2019, mama mmoja anayejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima aliketi kwenye basi nyuma ya bibi mstaafu na muuza wino.

"Kiwanda chetu kilianza na taipureta, zikaja kompyuta, kisha printa," bibi alisimulia. "Kila printa tuliijaribu kwa sentensi niliyoitunga mimi."

"Karatasi hiyo ya kujaribia hutupwa, bibi. Faida iko kwenye wino."

"Wino bila maneno ni doa, mjukuu wangu."

Mama akainama katikati yao, akatamka: "Hodi wenyeji, mgeni nimefika salama." Karatasi hiyo ilitoka kwenye printa mpya ya darasa lao, mwalimu akaibandika ukutani; ndiyo sentensi ya kwanza mama huyo kuisoma.

Bibi akageuka, uso umemkunjuka. "Umesikia, muuza madoa?"

"Mmoja tu huyo, bibi," akacheka. Basi likasimama.

Nawe uliyeisoma sentensi hiyo, msomee jirani.