Vidonge Kwenye Pochi ya Mama

Fundi viatu alifumba macho basini apate kulala, lakini masikio yakakataa. Nyuma yake mama mmoja alikuwa akimsimulia abiria mwenzake habari za mwanawe mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, na mwana mwenyewe kaketi hapohapo dirishani, goti likimchezacheza.

"Siku akivuta bangi simpi vidonge. Vikikutana na moshi si vitamuua?"

"Daktari ndiye kasema?"

"Nitamwambiaje daktari kwamba mwanangu anavuta?"

Mficha maradhi, fundi akawaza, lakini kuyaficha kwa daktari!

"Dada, mwanangu pia ana ugonjwa huohuo, na anavuta. Daktari anajua, na dawa kampangia kwa kujua hivyo. Tulipomnyima, sauti zilirudi, akazidi kuvuta ili azinyamazishe."

"Wako ni wako. Wangu akianguka, utakuja kunizikia?"

Basi likafunga breki. Mama akainuka, pochi kaibana kwapani. Kijana hakuinuka, alikuwa amekinga kiganja.

"Mama, sauti zimeanza. Nipe vidonge."

"Umevuta?"

Kijana akatazama viatu vyake.

"Wanaoshuka washuke, jamani!" kondakta akafoka.

Pochi haikufunguka. Kiganja nacho hakikushuka.